Riziki ya Hisani Haizai Kura Huru



Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, wengi walidhani kazi imekwisha. Ukiritimba wa chama kimoja ulikuwa umevunjwa, na tarehe 29 Desemba 1992 wananchi walipiga kura wakiwa na vyama vingi mbele yao. Lakini kura hupigwa na binadamu, na binadamu huyo, kabla ya kufika kituoni, sharti ale, avae, na alipe kodi ya chumba anacholala. Aliyeishika riziki yake ameishika pia kura yake.

Hoja yangu ni moja. Vijana wa Kitale na Bungoma wanaotengeneza vitu kwa mikono yao, wakaviuza, kisha wakawafundisha vijana wenzao kazi hiyo hiyo, watabaki mateka wa wanasiasa hadi siku ambayo mahali pao pa kuuzia, leseni zao na vyeti vyao vitakuwa haki inayodaiwa kwa sheria. Leo mengi ya hayo hutolewa kama zawadi jukwaani, na kinachotolewa kama zawadi hurudishwa kama deni.

KAZI YA MIKONO, NA SHULE ISIYO NA UKUTA

Tusiwazungumzie vijana hawa kana kwamba ni mzigo. Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi inajulikana. Sweta za watoto wa shule zinazofumwa kwa mashine za mkono si pambo huko; ni mahitaji. Majiko, karai, sufuria, vitanda, viti, viatu vya akala, vikapu na vyungu vinavyouzwa kando ya barabara na katika masoko kama Chwele ndivyo vinavyoendesha nyumba nyingi za magharibi mwa nchi yetu. Hata litungu, chombo cha nyuzi cha Wabukusu, hakishuki kutoka mbinguni. Kuna fundi aliyekichonga, na kuna kijana aliyeketi kando yake akijifunza.

Viwanda tulivyotegemea havikuwangoja vijana. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mji uliojengwa kukizunguka ukabaki ukihesabu hasara. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kimepitia miaka mingi ya madeni, na mkulima anajua maana ya kungoja malipo ya miwa. Kijana aliyemaliza shule katika nchi ya namna hiyo ana njia tatu: kukaa tu, kuhama, au kuishika kazi yoyote ambayo mikono yake inaweza kuijua. Hawa ninaowatetea walichagua njia ya tatu.

Na jambo lao kubwa zaidi ni kufundishana. Msichana aliyejifunza kushona huwachukua wenzake wawili au watatu. Hawana karo; wanalipa kwa kazi, kwa kufagia, kukata vitambaa, kutia vifungo. Baada ya miezi kadhaa wanashona sare, na mmoja wao huanza kumfundisha mwingine. Mashine moja ya kushona huwalisha watu wanne. Katika chomelea ni vivyo hivyo, katika useremala ni vivyo hivyo, na katika kufuma vikapu. Hiyo ni shule isiyo na ukuta, isiyo na kengele, na isiyoigharimu Serikali hata senti moja.

Je, Serikali huwalipa nini watu wanaoifanyia kazi yake bure?

AHADI ZA NUSU KARNE

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya. Ripoti ile ilieleza wazi kwamba wafanyakazi wadogo wanaozalisha bila leseni wala majengo ni nguvu ya uchumi, ikaishauri Serikali iache kuwasumbua na kuwabomolea vibanda. Mwaka 1985 tukaletewa mfumo wa 8-4-4, tukaambiwa kwamba mtoto atasoma useremala, sayansi ya nyumbani na sanaa za mikono ili ajitegemee. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya ufundi iliyopewa jukumu la kuwasimamia mafundi wa jua kali. Mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi, ukatolewa waraka rasmi wa Serikali, Na. 2 wa mwaka huo, kuhusu biashara ndogo na maendeleo ya jua kali.

Utawala ulibadilika, ahadi zikaendelea. Mwaka 2006 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana. Mwaka 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi, iliyounda mamlaka na baraza la kuamua migogoro. Novemba 2022 ukazinduliwa Mfuko wa Hasla.

Sisemi kwamba yote hayo ni bure. Nasema tuyatazame kwa makini tuone yanachokwepa. Karibu kila mara kijana hupewa mkopo au hotuba. Kitu anachokosa ni kile ambacho mwanasiasa hawezi kukichukua tena akikasirika: futi chache za ardhi zenye hati, na karatasi inayothibitisha ujuzi wake. Mkopo bila mahali pa kuuzia ni deni tu. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Lakini hapa mwenye kuahidi hageuki mdeni, anayeahidiwa ndiye anayebaki na deni.

WILBARO YA BUNGOMA

Kama yupo anayedhani kwamba tatizo ni ukosefu wa fedha za umma, na aikumbuke wilbaro. Mwaka 2015 nchi nzima ilishangaa iliposikia kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10 kwa bei ya shilingi 109,320 kila moja. Jumla ilipita shilingi milioni moja. Baadhi ya maafisa walifikishwa mahakamani. Watu walicheka, wakatunga mizaha, kisha wakasahau.

Mimi sikucheka. Wilbaro ni bati, chuma, gurudumu na chomelea. Fundi wa jua kali wa Bungoma anaweza kuitengeneza kwa fedha ambazo ni sehemu ndogo sana ya bei ile. Kwa shilingi milioni moja kaunti ingeweza kuagiza wilbaro nyingi kutoka kwa vijana wake, na kila agizo lingekuwa darasa: fundi mmoja akichomelea, wanafunzi watatu wakishika vyuma. Tena sheria za ununuzi wa umma zinataka angalau asilimia 30 ya zabuni zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo ulianza mwaka 2013 na umo katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, mwaka ule ule wa wilbaro.

Haikuishia hapo. Kufikia mwaka 2020 wilbaro ilikuwa imegeuzwa zawadi: wanasiasa wakawa wakiwagawia vijana mbele ya kamera. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 ikawa alama ya chama kwenye karatasi ya kura, na chama hicho kikashinda urais. Tazameni safari ya chombo hiki. Kijana angeweza kukitengeneza na kukiuza kwa heshima. Badala yake kilinunuliwa kwingine kwa bei ya wizi, kisha akakabidhiwa kingine kama hicho kwa makofi na nyimbo, apige magoti ashukuru. Fundi alifanywa mpokeaji wa kitu anachojua kukitengeneza. Kama hilo si tusi, basi neno tusi halina maana.

MLOLONGO ULIO SOKONI

Wazee wetu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wakati wapiga kura walipopangwa mstari nyuma ya mgombea au picha yake. Ubaya wa mlolongo haukuwa tu katika kuhesabu, ingawa hata kuhesabu kulivurugwa na mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Ubaya ulikuwa kwamba kila mtu alionekana. Aliyekupa kazi, aliyekupa shamba, chifu aliyekuandikia barua, wote walikuona umesimama wapi. Siku zile, tena, vijana wa KANU walikuwa wakidai kadi ya chama kwenye vituo vya magari na kwenye malango ya masoko. Asiyekuwa na kadi hakuuza. Chama tawala kilielewa vizuri kwamba lango la soko ni lango la siasa. Ndiyo maana vibanda vya Muoroto jijini Nairobi vilipobomolewa Mei 1990, miezi miwili kabla ya Saba Saba, wapigania mabadiliko hawakuliona jambo lile kuwa la usafi wa mji tu.

Leo tunapiga kura ya siri. Lakini kijana anayeuza kwa ruhusa ya mdomo, ambaye meza yake haimo katika daftari lolote, bado yumo katika mlolongo. Anajua kwamba diwani akimtaka ahudhurie mkutano, sharti aende. Akiambiwa avae fulana ya rangi fulani, ataivaa. Akitakiwa kuwazomea wapinzani, atazomea. Na mambo yakiharibika zaidi, atapewa jiwe. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tuliyaona machafuko ya 1991 hadi 1993, tukayaona ya Mlima Elgon kuanzia 2006, na ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Anayetafuta vijana wa kuchoma nyumba za jirani haendi kwa kijana mwenye oda ya viti 40 na wanafunzi watatu wanaomngoja asubuhi. Huenda kwa yule aliyevunjiwa kibanda jana.

Hebu tufanye hesabu, na iwe mfano tu. Tuseme kijana anauza vikapu 3 kwa siku, kila kimoja shilingi 300. Mkononi ana shilingi 900. Aondoe malighafi shilingi 400, nauli 150, na ushuru wa soko 50. Amebaki na 300. Siku askari wa kaunti wanapomnyang'anya vikapu 10, wamechukua mali ya shilingi 3,000, yaani faida ya siku 10 za jasho. Atafanya nini? Atamtafuta mheshimiwa ampigie simu mkubwa wa askari. Mheshimiwa atapiga simu, vikapu vitarudi, na kuanzia siku hiyo kijana ana bwana. Simu moja imenunua kura kwa bei nafuu kuliko noti yoyote.

SHERIA INASEMA NINI

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katiba ya mwaka 2010 haikuwaacha vijana hawa mikono mitupu, nami naomba kila kikundi kiyaandike yafuatayo ukutani.

Jedwali la Nne la Katiba limeziachia serikali za kaunti masoko, leseni za biashara, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi mlango wa kubisha ni huko, na afisa wa kaunti anayesema jambo hili liko Nairobi anakupoteza njia.

Kifungu cha 55 kinaitaka Dola ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, wapate ajira, na washiriki katika uchumi. Hilo ni agizo. Halitegemei huruma ya mtu.

Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo yeyote anayekutoza ushuru una haki ya kumuuliza ni sheria gani, na kudai stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi si ushuru, ni mlungula.

Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio halali na wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yako inapoguswa na uamuzi wa ofisi ya umma. Kibanda hakibomolewi kwa kelele za mtu aliye juu ya lori.

Kifungu cha 49 kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Wauzaji wanaokamatwa na kulazwa seli kwa makosa madogo ya namna hiyo waijue sentensi hii kama wanavyolijua jina lao.

Na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Dola. Kikundi chochote kinaweza kuandika barua kuomba orodha ya waliogawiwa meza na vibanda katika soko lililojengwa kwa fedha za umma. Andikeni barua hiyo, mkaone majina yatakayotokea.

Lakini kuna pengo mawili ambayo mimi kama wakili siwezi kuyaficha. La kwanza ni la ardhi. Vikundi vingi vya jua kali hukalia viwanja kwa barua ya kugawiwa tu, au hata bila barua. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema bayana, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake haimpi mtu umiliki. Anayewakabidhi vijana barua mbele ya umati akawaambia sasa kiwanja ni chenu, anawadanganya. Na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilituonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa na wakubwa kama nyama ya mawindo.

La pili ni la ujuzi. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 inataka taasisi inayofundisha ufundi ipewe leseni. Hilo ni jema kwa chuo kinachotoza karo na kutangaza vyeti. Lakini msichana anayewafundisha wenzake watatu kushona chini ya mwembe si chuo, na asichukuliwe kuwa mhalifu. Dola inayo mitihani ya daraja za ufundi chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya. Tatizo ni ada, umbali, na kwamba habari haimfikii kijana wa Kimilili au wa Kipsongo.

Wapo watakaosema kwamba mji hauwezi kuwa soko huria, kwamba barabara ni za magari na kaunti inahitaji mapato. Kweli, mji unahitaji utaratibu. Lakini utaratibu ni daftari, mipaka iliyochorwa, ada inayojulikana na stakabadhi. Rungu na lori la usiku ni fujo iliyovaa sare.

KANISA LISIMAME WAPI

Nawageukia sasa ndugu zangu wa makanisani. Katika Kutoka sura ya 35, Musa anawaambia Waisraeli kwamba Mungu amemjaza Bezaleli roho yake kwa ajili ya kazi ya dhahabu, mawe na mbao, na kwamba yeye na Oholiabu wametiwa moyoni kipaji cha kuwafundisha wengine. Kazi ya mikono na kuifundisha vimetajwa pamoja. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Dorkasi alikumbukwa na wajane kwa nguo alizowashonea.

Historia yetu wenyewe inasema hivyo. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliliita shirika lao misheni ya kazi za ufundi; kanisa hilo, ambalo leo lina waumini wengi Bungoma, lilianza na msumeno na tofali pamoja na Biblia. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, ambalo leo tunaliita NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza vijana watakwenda wapi baada ya shule. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilizaliwa kutokana na swali hilo. Kanisa liliuliza kabla ya Serikali.

Basi lisinyamaze leo. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba michango ya wanasiasa iliyotolewa katika kanisa la Soweto irudishwe. Kama kanisa linaweza kuikataa bahasha, linaweza pia kumfundisha kijana kuikataa wilbaro ya kampeni, na kumpa sababu ya kufanya hivyo: agizo la kazi lenye malipo halali.

TUNAYODAI

Kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma: kwanza, kila soko la umma liwe na daftari la wazi la wenye meza, na maeneo ya jua kali yapimwe na kupewa hati kwa jina la chama cha mafundi, wala si la mtu binafsi. Pili, orodha ya ada zote ibandikwe langoni mwa kila soko pamoja na jina la sheria inayoziruhusu. Tatu, kaunti iwalipie vijana ada ya mtihani wa daraja za ufundi, na imtambue kwa maandishi fundi anayefundisha wenzake. Nne, viti, meza, sare na wilbaro zinazonunuliwa kwa fedha za umma zitafutwe kwanza kwa mafundi wa hapa, kwa bei iliyotangazwa.

Kwa makanisa: fungueni kumbi zenu siku sita ambazo hazina ibada, ziwe karakana. Nunueni viti na mavazi ya kwaya kwa vijana wenu, na mlipe kwa wakati.

Kwa vijana wenyewe: jisajilini, wekeni hesabu, daini stakabadhi, na kikao cha bunge la kaunti kinapoitisha maoni juu ya mswada wa fedha mwende mkaseme. Juni 2024 kizazi chenu kilisimama barabarani, wengine wakafa, na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Mswada wa kaunti nao husomwa, na ni huo unaoamua bei ya meza yako.

Na siku mwanasiasa atakapokuja na cherehani amefunga utepe, mpokeeni kwa adabu, kisha mumuulize mbele ya watu: hati ya kiwanja chetu iko wapi? Akiwa nayo, tumpigie makofi. Akiwa hana, mrudishieni utepe wake.